Komedi za mapolisi wawili zimeharibika, na wa kulaumiwa ni mastelingi wenyewe!

Wakuu, nimetoka kupoteza saa mbili zangu usiku huu na usingizi umeota mbawa kwa hasira. Jina la picha silitaji, nisije nikawapa matangazo ya bure. Ila mnaijua tu: polisi wawili wasiopikika chungu kimoja, mmoja mropokaji, mwingine mnunaji. Mkuu wao wa kituo kazi yake kufoka na kuwanyang'anya beji. Halafu kuna muuza unga anayeishi kwenye jumba la vioo, na vioo vyenyewe mnajua vitaishia wapi.

Hayo yote nasamehe. Picha za aina hii nimekua nazo, na siendi pale kutafuta hadithi mpya. Naenda kuwaona hao wawili. Sasa hao wawili wa leo, kila mmoja kaja na picha yake! Kuna tukio la ndani ya gari nimelirudisha nyuma mara tatu. Huyu anatupa kichekesho chake, kamera inahamia kwa mwenzake, mwenzake naye anatupa cha kwake, na hakuna hata dalili kwamba mmoja amemsikia mwingine. Ungeniambia walirekodiwa siku tofauti ningekubali bila kuomba ushahidi. Na kila kichekesho kikiisha wanatuachia kinafasi cha kimya ili tucheke. Kimya chenyewe ndicho nilichokisikia vizuri.

Komedi ya wawili inataka kisu na kinoo. Siku hizi kila staa anataka kuwa kisu.

Rudini kwenye 48 Hrs. ya 1982. Eddie Murphy ana miaka 21, ni filamu yake ya kwanza, na watu wote wanamkumbuka pale anapoingia kwenye baa ya makauboi, mfungwa mwenye beji ya kuazima, akawanyoosha wote mle ndani. Haya, safari hii mwangalieni Nick Nolte. Yuko pembeni, anatazama. Hapiganii kamera, hatii neno la kuchekesha. Lakini bila ile sura yake ya polisi aliyechoka, anayemwona mfungwa akiifanya kazi yake vizuri kuliko yeye, tukio lile lingebaki kijana anapiga kelele baa.

Au Jackie Chan kwenye Rush Hour, 1998. Chris Tucker anampokea uwanja wa ndege akiamini mgeni hajui Kiingereza, basi anamfokea kwa sauti kama vile tatizo ni masikio. Chan anatabasamu tu, anamwacha ajimalize. Anajua Kiingereza muda wote huo! Uvumilivu wa namna ile ni uigizaji, jamani, tena mgumu kuliko kuropoka.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema tatizo ni mwandishi. Sikubali. Bad Boys ya 1995 mwanzoni ilipangwa ichezwe na wachekeshaji Dana Carvey na Jon Lovitz. Will Smith na Martin Lawrence wakaichukua, wakaifanya yao hadi leo huwezi kuwawazia watu wengine mle. Na wale wote wawili ni waropokaji, kwa hiyo msiniambie waropokaji hawawezi kukaa pamoja. Wanapokezana: mmoja akiwaka, mwingine anapoa. Sandra Bullock naye mwaka 2013, kwenye The Heat, staa mwenye tuzo ya Oscar kabatini, alikubali kuwa yule mkavu asiyependwa na mtu kazini, ili Melissa McCarthy apate ukuta wa kugonga.

Hawa wa leo nani akubali? Kila mmoja lazima awe mjanja, lazima ashinde kila mabishano, na hata wakidondoka kutoka ghorofani nywele zinabaki zimelala vile vile. Urafiki wao wanatutangazia kwa mdomo, eti "wewe ni ndugu yangu," dakika kumi kabla ya mwisho. Danny Glover alikalia choo chenye bomu kwenye Lethal Weapon 2, polisi mwenzake Mel Gibson akakataa kumwacha, na hakuna aliyehitaji kutuhubiria undugu. Tulicheka huku roho ziko juu.

Kilichonimaliza kabisa ni mwisho. Majina yanapopita wametuwekea vile vipande walivyokosea wakati wa kurekodi. Mmoja anasahau maneno, mwenzake anamtazama usoni, anajaribu kujizuia, anashindwa, wanaangukiana kwa kicheko. Dakika mbili hivi. Kwa mara ya kwanza tangu picha ianze, wale watu wawili wanaonana, na mimi nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa niambieni, huyo mwongozaji vile vipande alikuwa navyo mkononi. Alikuwa anaangalia wapi?