Naomba ushauri: upele wa duara usioisha, na kipimo cha fangasi hakionyeshi kitu

Habari zenu wakuu. Upele uko kiunoni, chini kidogo ya kitovu. Ulianza kama duara lenye ukingo mwekundu wa magamba, katikati pakiwa safi. Haidrokotizoni (krimu ya steroidi) ilituliza muwasho, lakini kila ikiachwa upele unarudi ukiwa mpana zaidi, na ule ukingo umefifia. Nashuku ni fangasi waliofichwa na steroidi, ingawa aleji ya nikeli bado siiondoi (chuma cha mkanda kinagusa hapohapo). Nyumbani hakuna mwingine anayewashwa.

Baadaye nikapaka klotrimazoli (krimu ya fangasi) mara mbili kwa siku, na nikiwa bado naitumia magamba yakakwanguliwa na kupimwa kwa KOH (kemikali inayoyeyusha seli za ngozi ili fangasi waonekane kwa hadubini). Majibu: hakuna fangasi. Siyaamini sana, maana dawa ya fangasi ikiwa bado kwenye ngozi kipimo kinaweza kudanganya.

Naombeni mnisaidie: kabla ya kukwangua tena, krimu ziachwe kwa muda gani? Na majibu yakiwa yaleyale, kitangulie kipi: kukatwa kipande kidogo cha ngozi kipimwe, au vile viraka vya aleji vinavyobandikwa mgongoni kwa saa 48?