Kasida ya Mzee: gumzo la jamaa na majirani wa Mkunazini, Zanzibar

*Jumapili, saa 1:40 usiku*

Mama Tabitha: Jamaa na majirani, hamjambo nyote. Tabitha amemaliza wiki ya tano ya mafunzo yake kazini huko Marekani, na kwa kuwa kila mmoja wenu ananiuliza kwa wakati wake ni kazi gani hasa anayoifanya, nimemwomba atuandikie hapa sote kwa pamoja. Mwenye swali na amuulize mwenyewe.

Tabitha: Shikamooni wakubwa zangu. Mafunzo haya ni ya likizo ya kiangazi, wiki kumi, nayo yamegawanyika sehemu mbili. Jumatano na Jumapili niko kanisani: nafundisha kwaya ya watoto, napiga kinanda katika ibada ya asubuhi, na alasiri nafuatana na mchungaji kuwatembelea wazee wasioweza kutoka majumbani mwao. Siku nyingine tatu niko katika hospitali ya watu wanaofundishwa upya kutembea na kusema baada ya kiharusi au ajali, chini ya mtaalamu wa tiba ya muziki, ambaye hukaa nami chumbani kila ninapokuwa na mgonjwa. Naomba mlijue hili mapema: mimi bado si mtaalamu. Huku, kabla ya mtu kuufanya mtihani wa bodi ya tiba ya muziki, hutakiwa awe na shahada na saa 1,200 za mafunzo kwa vitendo, na si chini ya 900 kati ya hizo ni za mafunzo ya mwisho, ambayo sijayafikia.

Mjomba Danieli: Marahaba, mwanangu. Mimi nimeimba sauti ya nne katika kwaya ya Kanisa Kuu tangu ujana wangu, na nimewaona kwa macho yangu watu walioingia na majonzi wakatoka wamepata nafuu. Kwa hiyo najiuliza tofauti iko wapi. Ikiwa wimbo wa kanisani unamtuliza mtu, kwa nini ziwe kazi mbili?

Tabitha: Mjomba, swali hilo ndilo lililoniliza wiki ya pili. Nilipelekwa kwa mzee mmoja aliyepatwa na kiharusi, nami bila ya kumuuliza yeye wala jamaa zake, nikaketi kwenye kinanda nikaimba wimbo wa kanisani ninaoupenda kuliko zote. Aligeuzia uso wake ukutani, akalishika shuka kwa mkono wake mmoja wenye nguvu, na hakunitazama tena mpaka nilipotoka. Nilidhani nimekosea sauti. Msimamizi wangu aliniuliza jambo moja tu: wimbo ule ulikuwa wa nani? Siku ya pili yake binti wa yule mzee akatueleza kwamba ndio ulioimbwa katika maziko ya mama yake.

Kanisani mimi ndiye ninayeleta wimbo, kwa sababu waumini wamekuja kuupokea na maneno yake wameyakubali. Hospitalini mgonjwa hakuufuata wimbo wangu. Ana haja yake, ama ya kuinua mguu, ama ya kulitaja jina la mkewe, na muziki huchaguliwa kutoka katika maisha yake kwa ajili ya haja hiyo. Kisha kila siku tunaandika kilichobadilika na kisichobadilika. Taaluma hii ilikua huku wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, wanamuziki walipokuwa wakienda kuwapigia askari waliolazwa na madaktari wakaona kwamba mapenzi ya muziki peke yake hayamtoshi mtu wa kazi hiyo, lazima asomeshwe. Chuo Kikuu cha Michigan State kilianza kuifundisha mwaka 1944, na chama cha taifa kikaundwa mwaka 1950.

Bi Rukia: Assalaam alaykum. Tabitha mwanangu, nimekusoma mara mbili. Unajua kwamba baba yangu ana miezi minne sasa, upande wa kulia wote umelala. Anafahamu kila tunalomwambia, lakini akitaka kitu hutoka "eee, eee" tu, na tusipomfahamu hukasirika, akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto. Mtu kama yeye muziki unaweza kumsaidia?

Tabitha: Pole sana, Bi Rukia, na mfikishie Babu shikamoo yangu. Siwezi kumtibu mtu kwa simu, lakini ninachokijua nitakueleza. Kwa watu wengi kazi ya kutamka maneno hukaa zaidi upande wa kushoto wa ubongo, nao ndio upande unaoumia mtu anapopooza kulia. Kuimba kunautumia sana upande wa pili pia, na ndiyo sababu mgonjwa asiyeweza kusema "maji" mara nyingine huweza kuimba ubeti mzima. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston walieleza njia iliyojengwa juu ya jambo hili: unachukua maneno mafupi anayoyahitaji kila siku, unayavuta kwa sauti mbili tu, moja ya juu na moja ya chini, huku ukiugonga polepole mkono wake wa kushoto kwa kila silabi. Kwanza unamvumia bila ya maneno, kisha mnaimba pamoja, kisha unanyamaza katikati umwachie amalize.

Jana usiku nilijaribu kuyaweka maneno ya kwetu katika njia hii. *Na-ta-ka ma-ji*: sauti inapanda kwenye *ta* na kwenye *ma*, kwa sababu hapo ndipo tunapokaza tunaposema. Nitamwonyesha msimamizi wangu kabla hamjayatumia. Nawe nieleze mambo mawili: anapokunywa maji hupaliwa? Na alipokuwa mzima, alikuwa akiimba nini?

Haji: Hapaliwi. Na kuimba, da Tabitha, babu alikuwa mtu wa Maulidi ya Homu. Nilipokuwa mdogo nikimwona katika safu, wamepiga magoti bega kwa bega, wanainama na kuinuka pamoja huku matari yanalia, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiongoza kasida.

Tabitha: Basi mlango ni huo. Mimi kasida siijui, na si haki yangu kuiimba. Kaa naye wewe.

Mjomba Danieli: Nasema kwa mapenzi, na Bi Rukia asinielewe vibaya. Tabitha amesomeshwa pia kwa michango ya waumini. Inanitatiza kwamba mtu aliyetumwa kujifunza huduma ya kanisa awe anaelekeza watu kwenye kasida.

Bibi (ameandikiwa na Mama Tabitha): Danieli, alipofariki baba yako, Mzee yule alikuwa na mazoezi ya maulidi kila usiku nyuma ya nyumba yetu. Aliyasimamisha matari siku saba mpaka tulipoondoa matanga, na hakuna aliyemwomba. Leo mwanangu unamhesabia kasida?

Mjomba Danieli: Ni kweli, Mama. Nilikuwa nimesahau. Bi Rukia, uniwie radhi.

Bi Rukia: Yamekwisha, kaka yangu.

Tabitha: Mjomba, neno lako si la kupuuzwa, maana hata mimi nililiwaza. Ninapokwenda na mchungaji kwa wazee wa kanisa, tunaomba na tunaimba, nami nafurahi kwa moyo wangu wote. Lakini kumpa mgonjwa sauti yake mwenyewe nako nakuhesabu kuwa ni huduma.

*Alhamisi, saa 3:05 usiku*

Bi Rukia: Nimeona niandike kama mambo yalivyokuwa. Jumatatu, baada ya msimamizi wa Tabitha kuridhika na maneno yale, Haji alikaa kushotoni kwa baba, akaushika mkono, akaanza kasida polepole. Mara ya kwanza na ya pili hakuna kitu. Ya tatu midomo ikatikisika. Ya tano, Haji alipofika kwenye kiitikio, baba aliingia naye, mstari mmoja mzima na maneno yake yote, kisha akalia, akauvuta mkono wake, nasi tukaacha. Jana tukajaribu "nataka maji". Ameimba *ma-ji* tu. Leo nimemuuliza kwa maneno ya kawaida, hakuweza.

Tabitha: Bi Rukia, mlifanya vyema kuacha alipouvuta mkono. Kuimba mstari hakumaanishi usemi umerudi, na huenda ukachukua miezi, huenda usirudi wote. Nakuomba sana usiwaite wageni waje kumsikiliza, kwa sababu atakaposhindwa mbele yao ataona haya na hatajaribu tena. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, redio imezimwa. Andikeni kila siku kwenye daftari, na daftari hilo mumwonyeshe anayemfanyisha mazoezi ya viungo.

Bi Rukia: Miadi yake hospitali ya Mnazi Mmoja ni Jumanne. Daftari nimeshalinunua.

Haji: Nimerekodi matari kwa mwendo wa taratibu, kama ulivyotaka. Nakutumia sasa hivi.

*Ijumaa, saa 11:20 alfajiri*

Bi Rukia: Kabla ya adhana baba ameniamsha. Amegonga ukingo wa kitanda mara mbili kwa mkono wa kushoto, akavuta, *ma-ji*. Nimempa, akanywa gilasi nzima. Nimeshaandika.