Pini ya ushungi imeingia katika njia ya hewa: je, hutolewa bila kupasua?

Mama Zuhura, Tanga: Assalaam alaykum. Binti yangu wa kidato cha pili alikuwa akifunga ushungi huku amebana pini mdomoni, mdogo wake akamchekesha, naye alipovuta pumzi pini ikapita. Alikohoa sana, kisha akatulia, na sasa anakula na kusema kama kawaida, lakini picha ya eksirei inaonyesha pini imelala upande wa kulia wa kifua. Tumeandikiwa rufaa na kuambiwa kwamba itatolewa kwa kupitia mdomoni. Kitu chenye ncha kitapandaje bila kumchana? Bibi yake anataka ameze matonge ya ugali ili ishuke.

Nesi Mstaafu: Wa alaykum salaam, mama. Matonge hayafiki huko, kwa sababu pini haimo katika njia ya chakula. Isitoshe, anayesubiri nusu kaputi hutakiwa awe na tumbo tupu. Pini hizi aghalabu hutangulia kwa kichwa, kwa kuwa ile shanga ndiyo nzito, hivyo ncha hubaki ikitazama juu. Mgonjwa akishalala, daktari hupitisha bomba la chuma lenye taa hadi ndani ya njia ya hewa, huikamata pini karibu na ncha kwa koleo jembamba, huivuta mpaka ncha iingie ndani ya bomba, ndipo hutoa vyote kwa pamoja. Ukuta wa koo hauguswi na ncha.

Msomaji wa Tiba: Naongeza kwamba kazi hii ina umri mkubwa. Mwaka 1897 daktari Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alitoa mfupa katika njia ya hewa ya mkulima kwa kutumia mrija. Baadaye daktari Chevalier Jackson wa Marekani, ambaye vitu 2,374 vilivyomezwa au kuvutwa na pumzi alivyovikusanya vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Mütter ya mambo ya tiba, Philadelphia, alifundisha kwamba ncha inayotangulia hutoboa, ila inayofuata nyuma haitoboi.

Mama Zuhura, Tanga: Ahsanteni. Basi, kwa kuwa ametulia, tunaweza kungoja shule zifungwe?

Nesi Mstaafu: Hapana, mama. Utulivu huo ni wa njia ya hewa kuizoea pini, wala si dalili ya kupona. Kikohozi kimoja chaweza kuisogeza hadi kwenye vijitawi vyembamba vya pafu ambako koleo halifiki, na hapo ndipo madaktari hulazimika kufungua kifua. Nendeni leo, na mwombe picha nyingine ipigwe kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, kwani pini huhama.