Mchezo wa Mafia, siku ya 3: Kwa nini Bundi bado yuko hai?

Kaptula:
Wakuu, mafia waliojificha kati yetu wamemuua Dodo usiku, na alikuwa raia, sio mmoja wao. Mi swali langu moja tu, jana Bundi ndo wa kwanza kumtaja Kiberiti, Kiberiti katolewa kwa kura zetu za mchana na kweli alikuwa mafia, sasa mafia wenye akili zao wanamwachaje mtu kama huyo halafu wanaenda kumuua Dodo ambaye toka tuanze kaandika mistari ya kuhesabu? Na msisahau kabla usiku haujaingia Dodo alimuuliza Bundi "ulimjuaje mapema hivyo" na hakujibiwa mpaka kafa. Mi naona Kiberiti alitolewa kafara, alishachafuka toka siku ya kwanza, mwenzake akaona bora ajisafishie jina kupitia yeye.

Kura yangu: Bundi

Bundi:
Hahaha nilijua tu itakuja. Kaptula ndugu yangu, wakiniua mimi mnabaki na majina yote niliyoyashuku na mtayafuata bila kuuliza, wakiniacha mnaanza kunitafuna nyie wenyewe, we ungekuwa mafia ungechagua lipi? Dodo sikumjibu sababu muda uliisha. Jibu lenyewe hili: siku ya kwanza Kiberiti alimtetea sana Chongo, afu alipoona Chongo anatoka kweli akampigia kura kimyakimya. Raia asiyejua kitu hafanyi hivyo. Na mbona husemi kura yako ya jana ilikuwa wapi? Kwa Mzuka, pamoja na ya Kiberiti mwenyewe.

Tumbili:
Haya mambo ya mafia anajua kwamba tunajua kwamba anajua hayana mwisho, kila mtu atayavuta anakotaka. Angalieni kura. Jana ilifika 4 kwa 4, Kiberiti na Mzuka, na ikiwa sare hatoki mtu. Mi ndo nilihama toka kwa Mzuka ikawa 5 kwa 3, ningekuwa mafia si ningekaa tu mwenzangu apone? Kura ya Bundi ilikuwa ya kwanza kabisa, haikumgharimu kitu, kwangu haimsafishi wala haimchafui. Mzuka alikuwa anaokoa shingo yake. Wanaobaki ambao hawakuhama ni Asali na Kaptula.

Afu kuna hesabu. Tuko 6, mafia 2. Tukimtoa raia leo tunabaki 5, usiku wanaua mmoja, 2 kwa 2, mafia wameshinda na mchezo kwisha hapo, labda daktari abahatishe kumwokoa wanayemuua. Tukiruka kura asitoke mtu leo, kesho tuko 5 na mafia 2, bado tuna nafasi ileile moja, na mpelelezi kama yupo hai kapata usiku mzima wa kumchunguza mtu kama ni mafia. Huu mchezo toka yule Mrusi Davidoff autunge Moscow miaka ya 80 ni wachache wanaojua dhidi ya wengi wasiojua, sasa sie wasiojua tunakimbilia wapi?

Nungunungu:
Kuruka sawa ila kuruka kimyakimya hapana. Kila mtu aandike wawili anaowashuku na kwa nini, ili kesho atakayekufa maneno yake yabaki na atakayegeuka tumwone. Tumbili hoja yako ya 4 kwa 4 nzuri lakini haikusafishi moja kwa moja, zilibaki dakika chache na Asali alikuwa online, ungeweza kuhisi atahama yeye ukaamua bora sifa uchukue wewe. Mafia wa hivyo wapo, nishawaona.

Wangu: Asali na Bundi. Naruka.

Mzuka:
Mi nimeokoka kwa kura moja kwa hiyo Tumbili simgusi, semeni mnavyotaka. Kaptula we jana ulinikomalia siku nzima kwamba naandika kama mtu anayeficha kitu, leo Kiberiti kaonekana mafia hata samahani hakuna, umerukia kwa Bundi kama vile jana haikuwepo. Kinachonisumbua sio kwamba ulikosea, wote tunakosea, ni ile kuhama haraka hivyo. Wangu: Kaptula na Asali. Naruka.

Kaptula:
Nilikushuku kwa hoja zangu sio za Kiberiti. Ila hesabu ya Tumbili nimeielewa, naiondoa kura yangu kwa Bundi, naruka. Wangu Bundi na Nungunungu, maana Nungunungu anashuku kila mtu kidogokidogo ili asiwe na deni kwa yeyote.

Asali uko wapi?

Asali:
Nipo nasoma. Naruka. Majina nataja baadae kabla muda haujaisha.

Nungunungu:
Baadae lini? Taja sasa hivi, wenzio wote wameona.