Mlango unafungwa nikibisha hodi

Mkazi wa Makorora, Tanga
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mtaa umenipa jukumu la kuitembelea familia moja ambayo baba yake, mvuvi wa pale soko la samaki la Deep Sea, ametekwa na dawa za kulevya hadi akauza nyavu, na watoto wawili wameacha shule. Kwa miezi mitatu sasa, kila Jumamosi hupeleka kilo mbili za sembe na sukari, pamoja na daftari langu la maswali. Mara ya kwanza mama alinikaribisha vizuri, baadaye akawa ananijibu akiwa amesimama mlangoni, na Jumamosi iliyopita nilipiga hodi, nikasikia mtoto akinyamazishwa ndani, kisha kimya. Je, niendelee, au suala zima nimkabidhi afisa ustawi wa jamii? Nakiri kwamba nimeanza kukasirika, kwa kuwa sembe wanaipokea.

Afisa ustawi mstaafu, Bagamoyo
Wa aleikum salaam. Hodi ni mara tatu. Isipoitikiwa, mtu hurudi alikotoka bila kinyongo. Kosa mimi naliona kwenye daftari. Mtu anayeulizwa watoto wamekula nini jana, huku jibu lake likiandikwa mbele ya macho yake, hujiona yuko kituo cha polisi hata kama muulizaji amekuja na sukari. Andika ukifika kwako, na kabla ya kuaga mweleze utakachoandika.

Usikate tamaa kwa miezi mitatu. Mwaka 1977, katika mji wa Elmira, jimbo la New York nchini Marekani, David Olds na wenzake walianza kuwapeleka wauguzi majumbani kwa wanawake wenye mimba ya kwanza, na ziara hizo ziliendelea hadi mtoto alipotimiza miaka 2. Wewe bado uko barazani.

Hata hivyo, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aiarifu serikali ya mitaa, kwa hiyo mwone afisa ustawi wiki hii. Ila mama umwambie kwanza wewe mwenyewe, asije akalisikia kwa jirani. Kama kuna kipigo, usingoje ziara nyingine, piga 116, simu ya msaada kwa watoto.

Mama wa Ngamiani
Kaka yangu, mimi nilikuwa yule wa ndani ya mlango. Tanga twasema waja leo waondoka leo, na waliokuja kunisaidia walikuwa hivyo hivyo. Mfuko wa sembe unaopita mchana kweupe huonwa na mtaa mzima kabla haujafika jikoni, na wanangu walizomewa kwa ajili yake.

Aliyenifaa ni mama mmoja mtu mzima, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Alikuja mikono mitupu, akanikuta nasuka ukili, akavuta miyaa na yeye akaanza kusuka. Ziara ya nne ndipo alipouliza kadi za kliniki, nikazitoa chini ya godoro. Moja ilikuwa imeloa hata mwandiko hausomeki. Hakunigombeza, alinisindikiza tukaandikiwa nyingine.

Mume wangu alipokubali tiba, tulikwenda naye hospitali ya Bombo, kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kumwachisha mtu heroini. Dawa ile, kwa anayeanza, hunywewa pale pale, kila siku, mbele ya mhudumu, na hilo mlipange mapema, maana mvuvi aliyeianza hawezi tena kwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, na nauli ya kila siku lazima itoke mahali.

Mwalimu, Bagamoyo
Naafikiana na dada, isipokuwa kuhusu sembe, kwa sababu njaa haiwezi kusubiri ziara ya nne. Ipitishie kwa bibi yao baada ya Isha. Uliza pia kama kaya imeandikishwa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kwa kuwa sehemu ya ruzuku yake huambatana na mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki.

Mkazi wa Makorora, Tanga
Nawashukuru nyote. Daftari litabaki nyumbani. Ila kusuka ukili sijui, na mwanamume kuketi na mke wa mtu ilhali mwenyewe hayupo kutazua maneno mengine hapa mtaani. Jumamosi nitafuatana na dada yangu, baada ya alasiri, na yeye ndiye atakayepiga hodi.