Boti zinatupitia kichwani tukipanda juu: nimwambieje nahodha ambaye ni mjomba wangu?

Mzamiaji Kijana

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa watu wa bahari, na hata asiye wa bahari mwenye busara ya kuzungumza na wakubwa anisaidie.

Mimi ni daivimasta, kiongozi wa wazamiaji, huku kaskazini ya Unguja, kazi nimeianza mwaka jana. Wageni wetu wengi tunawapeleka kisiwa cha Mnemba. Anayepajua asubuhi atanielewa: boti za wazamiaji, boti za snokeli, boti zinazofukuza pomboo, zote kwenye mwamba mmoja.

Jumanne iliyopita nilikuwa chini na wageni watatu. Tumemaliza, tumesimama mita 5 kusubiri dakika zetu tatu za usalama kabla ya kupanda. Nikasikia mashine. Mwanzo kama nyuki, kisha kama imeingia ndani ya kichwa. Chini ya maji sauti inakwenda kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani, kwa hiyo masikio hayakuambii inatokea kulia au kushoto. Ukisikia, unajua ipo tu. Wakati huohuo mgeni mmoja, mama wa makamo, mtungi wake ulishapungua hewa, akawa mwepesi, akaanza kuelea juu bila kujijua. Nilimdaka pezi nikamvuta. Tumbo la boti lilipita juu yetu, jeupe, na nyuma yake ule mkia wa mapovu. Yule mama aliniangalia, macho yamejaa kwenye miwani. Sijayasahau.

Hilo la kwanza. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Boti yetu wenyewe ilikuja kutuchukua, ngazi iko tezi, yaani nyuma, pembeni ya mashine. Nahodha ameweka fri, gia imetoka, lakini mashine hajazima. Mama wa watu ameshika ngazi, miguu yake inaning'inia hatua moja kutoka kwenye propela. Nikapaza sauti: "Mjomba, zima mashine!" Akanijibu mbele ya wageni: "Baharini nimeingia mama yako hajaolewa."

Ni mjomba wangu kweli, kaka yake mama, na kazi hii yeye ndiye aliyenitafutia. Simvunjii heshima. Lakini nimesoma, na ninaogopa. Nikizungumza ofisini naambiwa boya moja nililonalo mimi linatosha kundi zima, na wageni hawajawahi kulalamika. Nifanyeje?

Nahodha wa Kilindoni

Mwanangu pole, na mshukuru Mungu. Nimeshika usukani miaka mingi hapa Mafia, ngoja nikwambie mjomba wako anaona nini, kwa sababu wewe hujawahi kukaa pale.

Mkitoka Nungwi saa mbili asubuhi mnaelekea Mnemba, jua liko machoni mwake. Boti ikishika kasi omo, sehemu ya mbele, inainuka, maji yaliyo mbele yanafichika. Kusi likivuma, mapovu yenu hayaonekani, na kichwa cha mzamiaji katikati ya mawimbi ni kifuu cha nazi. Usidhani nahodha anakuona kwa sababu wewe unamwona.

Sasa hilo la kuzima. Kwa nini hazimi? Uchunguze ulipopandia. Naweka dhamana umepandia karibu na mwamba. Nahodha akizima pale, wimbi moja la kusi linamsukuma kwenye matumbawe, na mashine ya zamani ikizimwa ina siku zake za kugoma kuwaka. Anachagua kati ya boti nzima na miguu ya mtu mmoja, na anajiambia fri inatosha.

Fri haitoshi. Mashine nyingine, propela inaendelea kuzunguka polepole hata gia ikiwa imetoka. Halafu mgeni akiyumba ndani ya boti akaegemea mkono wa gia, imeingia. Mashine inayozunguka mara 5,500 kwa dakika, propela yake kwa gia ya mbili kwa moja inakwenda mara 2,750. Hesabu mwenyewe kwa sekunde moja: zaidi ya mara 40. Hakuna mtu anayewahi kuvuta mguu.

Kwa hiyo dawa moja iko mikononi mwako, si mwa mjomba. Ukimaliza kuzunguka mwamba, wapeleke wageni nje kilindini kabla hujapanda. Mpe nafasi ya kuzima bila hofu. Kisha yeye asiwafuate kwa tezi. Asimame mbali kidogo, azime, atupe kamba ndefu yenye boya mwishoni, nyinyi mshike na mvutwe mmoja mmoja. Hapa kwetu kwenye mlango wa Kinasi, siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, mkondo ukikaza, bila kamba hiyo hatuchukui mtu.

Mdigo wa Diani

Mzee wa Kilindoni amesema yote ya juu, mimi nitasema ya chini.

Boya moja kwa kundi ni sawa siku ambayo kundi halitengani. Mgeni wako angepanda peke yake, boya lingekuwa na wewe chini na yeye juu hana kitu. Kila mzamiaji awe na soseji yake, lile boya refu la kujaza hewa, ya rangi ya chungwa, na awe amefundishwa kuitumia, maana nimeona wageni wanaibeba kama pambo.

Unairusha ukiwa bado chini, mita 5 au zaidi, si ukishafika juu. Tazama juu kwanza. Ingiza hewa, achia, spuli ya kamba yake ibaki mkononi. Usiifunge kwenye jaketi lako la kuzamia! Boti ikinasa ile kamba inakuvuta nayo, na mtu kutolewa chini kwa kasi ni maradhi mengine. Ikiwa mkononi, unaachia tu, kamba iende zake.

Ukishairusha subiri dakika zako chini ya boya. Panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, mkono mmoja juu, ukijizungusha uone pande zote. Ukisikia mashine inakaribia, usikimbilie juu kutazama. Baki, ukiwa na hewa rudi chini kidogo. Wengi wanakosea hapo: wanasikia sauti, wanataka kuona.

Mpwani Ughaibuni

Niko Florida. Huku bendera ya mzamiaji ni sheria: nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari. Mwenye boti anatakiwa ajitahidi kukaa futi 300 mbali nayo kwenye bahari ya wazi, futi 100 kwenye mito na mikondo ya kupitia vyombo. Akikaribia zaidi ya hapo, anakwenda mwendo wa kutambaa. Na mzamiaji naye analazimika kubaki ndani ya umbali huohuo kutoka kwenye bendera yake, asitake ulinzi wakati yuko kilomita moja mbali. Watu wakishatoka majini bendera inashushwa, maana ikipepea siku nzima inazoeleka na hakuna anayeijali.

Ile ya kimataifa ni A, nyeupe na buluu, maana yake nina mzamiaji chini, kaa mbali na uende polepole. Mnazipandisha huko?

Ila bendera haitoshi. Tarehe 18 Desemba 2000, Kirsty MacColl, mwimbaji wa Uingereza, alikuwa anapanda kutoka kupiga mbizi na wanawe huko Cozumel, Mexico, eneo ambalo boti za kasi zilikuwa zimekatazwa. Boti ya kasi ikaingia. Alimsukuma mwanawe pembeni, yeye akapigwa, akafa palepale. Kwa hiyo hata mkiandikiwa eneo lenu, tazameni juu.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Samahani naongeza jambo ambalo halijaguswa. Je, kwenye boti yenu kuna nini ikiwa mtu amekatwa? Jeraha la propela ni mikato mingi sambamba, mirefu, na damu inatoka kwa wingi. Baharini inaonekana kidogo kwa sababu maji yanaichukua, mkishampandisha ndipo mnaona.

Izimwe mashine kwanza, ndipo mtu aruke kumsaidia. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu zote, usifunue kila saa kuangalia. Mkono au mguu ukiendelea kumwaga damu, funga sehemu iliyo juu zaidi ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, kwa mkanda mpana ukaze mpaka isimame, andika saa uliyofunga, usifungue mpaka hospitali. Mfunike asipate baridi. Na simu ipigwe mkiwa njiani, gari iwakute ufukweni.

Mchangiaji mwingine

Mimi naona unamsumbua mzee bure. Boti iliyokupitia haikuwa yake.

Mzamiaji Kijana

Ndugu, ile iliyotupita sina uwezo nayo. Ngazi yetu uwezo ninao.

Wakuu, nimerudi na habari. Nilifuata ushauri wa Nahodha. Mjomba sikumkabili baharini. Jana baada ya Isha nilikwenda kwake, nikamsalimia, nikakaa barazani mpaka kahawa imekuja. Nikaanza na kosa langu: "Mjomba, nilikosea kukupigia kelele mbele ya wageni. Na nimejua nilipandia karibu mno na mwamba." Alinyamaza muda. Kisha akaniambia kwamba miaka ya nyuma alizima mashine palepale Mnemba, ikagoma, boti ikapanda matumbawe ikapasuka. Hakuna aliyeumia, lakini alikuwa na watu saba ndani. Sikuwahi kuisikia habari hiyo nyumbani.

Tumekubaliana. Mimi nawatoa wageni nje mpaka maji yawe buluu kabisa, narusha soseji, yeye anangoja kwa mbali. Akishazima anachomoa ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, anaiinua juu kwa mkono ili niione. Kabla sijaiona, hakuna anayesogelea ngazi.

Leo tumejaribu mara mbili. Mara ya pili mgeni mmoja alianza kuogelea mapema, na mjomba mwenyewe ndiye aliyempigia kelele asubiri.

Kamba yenye boya tumeitengeneza kwa dumu la lita 5, inaelea vizuri. Bendera hatuna, lakini fundi cherehani wa mtaani ameniahidi ya A kwa kitambaa cha mwavuli. Soseji ofisi bado haijakubali kununua, nitanunua mbili kwa mshahara wangu mwisho wa mwezi, nianze na wageni wapya. Mwenye kujua zinapouzwa Dar au Mombasa kwa bei ya kawaida aniambie hapa.

Mdigo wa Diani

Nina moja ya ziada, bado nzima, imechujuka rangi kidogo tu. Nitumie ujumbe wa faragha, kuna mtu anavuka wiki ijayo.