Trauti wa Rutundu maji yakiwa baridi: mshipi gani, nzi gani, kina gani?

MshipiMrefu_NRB

Wadau, hamjambo. Mwisho wa Januari tunapanda ziwa Rutundu, siku mbili za kuvua trauti kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu. Nimesoma maelekezo mengi ya wavuvi wa Kanada na Uingereza kuhusu maziwa ya baridi mwanzoni mwa majira ya kuchipua, barafu ikishaondoka. Karibu wote wanarudia mambo matatu: vua kwenye kina kifupi, tafuta ufuo wa kaskazini, vuta polepole kuliko unavyodhani. Je, hayo yanafaa ziwa la Mlima Kenya, au niyaache huko huko?

Vifaa nilivyo navyo ni ufito wa futi 9 namba 6 (namba ya uzito wa mshipi unaoufaa), rili moja, na mshipi unaoelea ulionunuliwa kwa ajili ya Watamu. Nzi ninao wa kila aina, wengi wakubwa, namba 6 na 8 (kwa ndoana, namba ikipanda ukubwa unapungua). Mazoezi ya kutupa nafanyia uwanjani, kwenye nyasi, na mita 15 nazifikia bila shida.

Naomba kujua: huo mshipi unatosha? Nzi gani wasikose? Na saa ngapi hasa samaki wanakula?

---

Kereng'ende

Karibu. Usiyaache maelekezo hayo, ila uliza kila moja limetokana na nini. Sababu ikiwapo Rutundu, shauri linafaa. Isipokuwapo, shauri halina kazi.

Kwa wenzetu mambo huenda hivi. Maji huwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4 za Selsiasi. Wakati wa baridi kali barafu hukaa juu kwenye sifuri, na yale ya nyuzi 4 hulala chini. Barafu ikiyeyuka, jua hupasha maji ya juu hadi yafikie nyuzi 4, na hapo ziwa zima linakuwa na joto moja kutoka juu hadi chini. Upepo ukivuma siku hizo hulikoroga lote, hewa inashuka chini na taka za chini zinapanda juu. Kisha sehemu za kina kifupi zenye matope meusi hutangulia kupata joto, na wadudu wa humo huamka kabla ya wengine. Trauti hufuata chakula, ndiyo maana unaambiwa uvue mita 1 hadi 3. Ufuo wa kaskazini unatajwa kwa sababu huko jua hukaa kusini mwaka mzima, basi ufuo unaolitazama ndio unaopata joto zaidi.

Sasa njoo kwetu. Rutundu iko takriban mita 3,100 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Haifunikwi na barafu, na haina majira ya kuchipua. Mabadiliko ambayo wenzetu wanayangoja miezi mitano, huku unayapata kwa kiasi kidogo kila siku: usiku mbingu ikiwa wazi maji ya juu hupoa na kuzama, asubuhi jua hupasha tena kuanzia kwenye kina kifupi. Kwa hiyo shauri la kina kifupi na matope meusi linafaa, ila hesabu yake ni ya saa, si ya wiki.

Ufuo wa kaskazini usahau. Mwisho wa Januari jua la adhuhuri kwetu limeegemea kusini kidogo tu, haliwezi kuleta tofauti ya maana. Angalia mashariki na magharibi: ufuo ulio chini ya mgongo wa kilima upande wa mashariki hukaa kivulini muda mrefu, na ule wa magharibi huota jua kwanza. Anzia huo wa magharibi. Upepo ukishaamka, hamia ufuo unaopigwa nao usoni. Watu wengi huukimbia kwa sababu ni taabu kutupa, lakini maji ya juu yenye joto husukumwa huko pamoja na wadudu wote waliokufa na wanaopanda juu. Tupa kwa pembe, usishindane nao moja kwa moja.

Saa: kabla ya saa tatu asubuhi nyasi bado zina umande wa baridi, mara nyingine jalidi kabisa, na samaki wamelala chini. Muda mzuri ni kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa sita, mlima unapoanza kujifunika mawingu. Mawingu yakitanda joto la juu huacha kupanda. Jioni, upepo ukitulia, kuna nusu saa au zaidi ya samaki kupasua maji kabla ya giza. Hiyo usiikose.

Hayo yote ni kukisia tu kama huna kipimajoto. Chukua kile cha kioo cha tangi la samaki wa mapambo, kifunge kwenye uzi wenye fundo kila mita 1, kishushe, kiache dakika mbili, kivute haraka usome. Chini ya nyuzi 7, samaki hafukuzi kitu: nzi apite mbele ya pua yake na karibu asisogee. Kati ya 7 na 10 atasogea kidogo. Kuanzia 10 hadi 16 anakula sawasawa na unaweza kuvuta kwa kasi. Ukikuta kina cha mita 2 kina nyuzi 11 na kina cha mita 5 kina 9, unajua pa kuanzia bila kumwuliza mtu.

---

ChubwiTimau

Kereng'ende amemaliza habari ya maji. Nami nizungumzie mshipi wako, maana hapo ndipo safari itakapoharibikia.

Mshipi wa Watamu hauendi Rutundu. Ile ngozi yake imetengenezwa iwe ngumu ili isilegee kwenye joto la pwani. Ukiutia kwenye maji ya nyuzi 10 unakakamaa kama waya na kubaki na mikunjo ya rili. Mikunjo hiyo ikiwa juu ya maji, samaki akidonoa, anaanza kwanza kuinyoosha, na wewe mkononi huhisi chochote. Atakuwa ameshamtema nzi. Nunua au uazime mshipi wa maji baridi namba 6. Hata huo, kabla ya kutupa mara ya kwanza, mpe mwenzako ncha, mnyooshe mita 15 kwa nguvu ya wastani mkihesabu hadi kumi.

Ikiwezekana uwe na miwili: unaoelea, na ule wa kuzama polepole, karibu sentimita 4 kwa sekunde. Huu wa pili hesabu yake ni rahisi. Tupa, hesabu 25, nzi yuko kama mita 1 chini. Hesabu 50, mita 2. Ukinasa majani ya chini kwenye 50, tupo linalofuata anza kuvuta kwenye 42. Samaki akidonoa kwenye hesabu fulani, rudia hesabu hiyo hiyo. Wengi hutupa vizuri sana halafu hawahesabu, kila tupo liko kina chake, na hata wakipata samaki hawajui wamempataje.

Kuvuta polepole maana yake ni hii: mkono wa ufito unabana mshipi kwa kidole cha shahada. Mkono wa pili unaukamata nyuma yake kwa gumba na shahada, unageuza kiganja, vidole vitatu vya mwisho vinaukusanya ndani, unarudi, unakamata tena. Kila mzunguko unaleta sentimita 6 au 8. Mzunguko mmoja kwa sekunde mbili au tatu. Ncha ya ufito iguse maji, isielee hewani, maana ule mshipi unaoning'inia kati ya ncha na maji unameza mdonoo wote.

Mambo ya nje ya maji: ada ya hifadhi na leseni ya kuvua ni vitu viwili tofauti, vyote viwe mkononi kabla hamjapita Timau. Ijumaa laleni Nanyuki, msipande moja kwa moja. Kutoka Nairobi hadi mita 3,100 kwa siku moja kichwa kitauma, na mtu mwenye kichwa kinachouma hafungi fundo sawasawa. Ukiingia majini, usipite magoti. Mguu ukifa ganzi hujui unapokanyaga.

---

NyuziNaManyoya

Nzi namba 6 viache nyumbani isipokuwa viwili au vitatu vyeusi.

Chakula kikuu cha trauti kwenye maziwa ya baridi ni usubi wa majini, wale wasiouma. Maisha yao yana hatua mbili zinazokuhusu. Kwanza buu mwekundu anayeishi kwenye matope. Kisha pupa, anayeacha matope na kupanda juu taratibu sana, akisimama njiani, mpaka afike juu na kupasuka. Wavuvi wa British Columbia, huko Kanada, wamejenga uvuvi mzima juu ya hatua hiyo ya pili, na Waingereza vilevile. Huku sababu ni ile ile, basi nzi ni wale wale.

Kuwafunga ni kazi ya dakika tano. Ndoana iliyopinda, namba 12 au 14. Uzi mweusi, uuviringishe kutoka nyuma ya jicho la ndoana hadi pale inapoanza kushuka, tabaka moja laini, usirundike. Funga waya mwembamba wa fedha au mwekundu mwishoni, urudi nao mbele kwa mizunguko mitano au sita iliyoachana sawa. Mbele vimba kidogo kwa uzi ili pawe na bega. Kichwani weka sufi nyeupe, ikate ibaki milimita 2 tu. Wengi huacha ndefu na nzi anafanana na mswaki. Malizia kwa kuteksi isiyo na rangi, tabaka mbili, ya kwanza ikauke kabisa. Hiyo kuteksi ina kazi: mwili unakuwa mwembamba, mgumu, unazama haraka, na meno ya trauti hayaukati. Funga sita weusi, wanne wekundu kwa ajili ya chini, na wawili wa kijani kilichokolea.

Kama hufungi mwenyewe, kumbuka Kenya ni moja ya nchi zinazofunga nzi kwa mkono kwa ajili ya Ulaya na Marekani, na karakana zipo hapa hapa Nairobi. Peleka namba na rangi nilizokuandikia. Usikubali kubadilishiwa na namba 8 kwa sababu ndiyo iliyopo.

Pamoja na hao, chukua Woolly Bugger mweusi au wa kijani cha mzeituni, namba 10, anayefanana na ruba na mtoto wa kereng'ende. Na Kenya Bug, ambaye trauti wa mito na maziwa yetu wamemla miaka mingi. Hao ndio wa kuvuta kwenye mshipi wa kuzama. Pupa si wa kuvuta, ni wa kuning'iniza chini ya boya, kile kielea kidogo kwenye uzi kinachoonyesha mdonoo.

---

MshipiMrefu_NRB

Asanteni sana, hasa kwa habari ya mshipi, maana ningekwenda nao hivyo hivyo. Mshipi wa maji baridi nimeshaahidiwa kuazimwa.

Bado moja. Hilo boya linawekwa umbali gani kutoka kwa nzi? Na uzi wa ncha, ule mwembamba wa mwisho unaofungiwa nzi, uwe unene gani? Nimesoma kwamba kwenye maji ya baridi mdonoo hauonekani kabisa.

---

Kereng'ende

Kina usikikisie. Bana koleo ndogo ya kung'olea ndoana kwenye nzi, ishushe taratibu mpaka iguse chini na uzi unyooke. Weka boya kwenye uzi sentimita 30 chini ya pale unapokutana na uso wa maji. Ukitoa koleo, nzi ataning'inia sentimita 30 juu ya matope, na hapo ndipo trauti wa maji baridi anapopita. Usipopata kitu kwa dakika 20, mpandishe nzi kwa sentimita 30 nyingine. Kisha tena. Usihame mahali kabla hujamaliza kina.

Hii unaifanya ukiwa kwenye mashua au ukingoni penye mteremko mkali. Ukitupia mbali kutoka ufuoni, pima kwa uzi wenye chubwi: tupa, hesabu sekunde mpaka ulegee, linganisha na hesabu ya kina unachokijua.

Uzi: ule wa mbele, kati ya mshipi na nzi, futi 12 ukijumlisha ncha, na ncha iwe ya 4X, yaani karibu milimita 0.18. Maji yakiwa maangavu na yametulia, shuka 5X, milimita 0.15. Fundo lilowesheni mate kabla ya kulikaza. Uzi ukikazwa mkavu unapata joto pale pale kwenye fundo, na hapo ndipo unapokatika. Nzi wa kuvuta mfungie kitanzi kidogo kisichokaza ili acheze. Pupa mfunge kwa fundo la kawaida.

Mdonoo unaonekana, ila si ule wa boya kuzamishwa. Boya linasimama wakati mawimbi yanaendelea. Au linalala upande mmoja. Au linasogea sentimita 5 kinyume na upepo. Kila kimojawapo, nyanyua ufito taratibu mpaka uhisi uzito. Usipige mshtuo: kwa 5X na mshipi ulionyooka utakata uzi, na nzi atabaki mdomoni mwa samaki.

---

ChubwiTimau

Nyongeza kwa wale mtakaowarudisha. Kijino cha ndoana kibonyezeni kwa koleo mkiwa bado nyumbani. Kwenye mwinuko ule wa mita 3,100 shinikizo la hewa ni kama asilimia 69 ya lile la pwani, kwa hiyo hata maji baridi yanabeba oksijeni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na trauti aliyepigana dakika kumi kwenye uzi mwembamba anaweza kuondoka akiogelea na kufa chini. Mleteni haraka, mikono iwe imelowa, msimtoe nje ya maji zaidi ya sekunde kumi, na mumshike kichwa kikielekea upepo unakotoka mpaka ajisukume mwenyewe. Trauti huzalia kwenye kokoto safi penye maji yanayotiririka, na ziwa la namna hii lina nafasi chache za hivyo. Samaki mkubwa mkimwua, hapati mbadala upesi.